Jaco, Santa Barbara, na programu iliyonishinda

Nilikuwa nimepanga kuandika juu ya kuhamisha hifadhidata kutoka seva moja hadi nyingine, kazi iliyoninyima usingizi wiki mbili nzima. Hiyo itangoja. Juzi nimetazama tena lile tamasha la Santa Barbara, na tangu hapo kichwa changu hakina nafasi ya kitu kingine. Waliokuja kutafuta habari za seva wanisamehe, leo ni muziki. (Si muziki mtupu. Kuna msimbo ndani yake, subirini.)

Tamasha lenyewe ni la Septemba 1979. Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada, alipanda jukwaani kwenye ukumbi wa wazi ulioko mlimani huko Santa Barbara, California, akiwa na bendi ambayo hadi leo wapenzi wa jazi wakiitaja wanashusha sauti kama wanataja wazee wa ukoo. Pat Metheny kwenye gitaa, Lyle Mays kwenye kinanda, Michael Brecker kwenye saksafoni, Don Alias kwenye ngoma. Na Jaco Pastorius kwenye besi. Kamera zilikuwepo, ikawa filamu na albamu, jina lake Shadows and Light, na albamu ikatoka mwaka 1980.

Hapa niseme jambo moja. Sisi tuliokulia Kenya neno jazz lilituchanganya tangu utoto. Shirati Jazz, Victoria Jazz... kwa hivyo mimi nilijua jazz ni benga, ni muziki wa baba yangu akinyoa ndevu Jumapili asubuhi huku redio iko dirishani. Nilipofika chuo kikuu na kuambiwa kwamba jazz ni kitu kingine, nilibisha. Lakini benga ilinisaidia kwa njia moja: mtu aliyelelewa na benga hahitaji kuambiwa kwamba besi ni muhimu. Besi ya benga haijifichi. Inakimbia mbele, inauliza, gitaa la solo linajibu.

Aliyenionyesha tamasha hili ni jamaa niliyeishi naye chumba kimoja hosteli, mwaka 2005. Alikuwa kijana wa Mombasa, mpiga besi wa kanisani, na kusema kweli ndiye mtu mwenye kipaji kikubwa zaidi cha kuandika programu niliyewahi kukaa naye meza moja. Mimi nilikuwa nasoma vitabu. Yeye alikuwa anasoma hitilafu yenyewe, anaitazama kama mtu anayetazama maji kujua samaki yuko wapi, kisha anabadilisha mstari mmoja na mambo yanakwisha. Mjomba wake alimletea DVD ya tamasha kutoka Marekani. Intaneti wakati ule, kabla ya kebo za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, ilikuwa ni ya kwenda saiba na kulipa shilingi kwa dakika, hakuna aliyewaza kutazama video huko. Kwa hivyo diski ile ilikuwa mali. Tuliicheza kwenye kompyuta yake yenye feni iliyonguruma kama posho mili, tukiwa sita juu ya vitanda viwili.

Filamu yenyewe ina kasoro zake. Mara kwa mara picha za sinema nyingine zinaingia juu ya wanamuziki, wakati wewe unataka kuona vidole tu. Jamaa yangu alikuwa anaitukana skrini kila ikitokea hivyo.

Halafu inafika sehemu ambapo Jaco anabaki peke yake.

Yeye na besi. Besi yenyewe ina historia: ni Fender Jazz Bass ya mwaka 1962, isiyo na vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo ya gitaa kukuonyesha sauti iko wapi. Vyuma viling'olewa, mianya ikazibwa, ubao ukapakwa gundi ngumu ya aina inayotumika kwenye mashua. Matokeo ni kwamba kidole kinateleza bila kizuizi na besi inaimba kama mtu. Lakini pia hakuna wa kukushika mkono: ukikosea milimita chache, umekosea mbele ya watu wote. Hao waliotangulia wengi walipiga besi kama msingi wa nyumba, kitu cha kufukiwa. Yeye, katika albamu yake ya kwanza ya mwaka 1976, aliitoa besi nje ikacheza wimbo mzima yenyewe, pamoja na zile sauti za kengele zinazotoka ukiugusa uzi bila kuubonyeza. (Kwa wapenda hesabu: uzi wa A wa besi unatetemeka mara 55 kwa sekunde. Uguse katikati, unapata 110. Uguse kwenye theluthi, 165. Robo, 220. Sauti zote hizo zimelala ndani ya uzi mmoja zikingoja mtu.) Mwaka huohuo wa 1976 aliingia Weather Report, na inasimuliwa kwamba alipojitambulisha kwa Joe Zawinul, kiongozi wa bendi hiyo, alimwambia waziwazi kwamba yeye ndiye mpiga besi bora kuliko wote duniani. Ukimsikia mtu akisema hivyo unamcheka, mpaka apige.

Basi pale Santa Barbara anapiga kidogo peke yake, kisha anapiga kifungu kifupi, na kile kifungu kinaanza kujirudia chenyewe. Mikono yake sasa iko huru. Anaanza kupiga kitu kingine juu yake. Mtu mmoja amekuwa wawili.

Sisi sita tukapiga kelele. Ilikuwa mashine ya MXR, ya kuchelewesha sauti, na ilikuwa ya kidijitali. Mwaka 1979! Yaani sauti inageuzwa kuwa namba, namba zinakaa kwenye kumbukumbu, zinasomwa tena na tena. Siku hizi kijana anaweza kununua kifaa cha namna hiyo akakikanyaga kwa mguu, lakini wakati ule kumbukumbu ilikuwa ghali, na kusimama mbele ya umati ukitegemea sanduku la namba lilikuwa jambo la ujasiri. Kwa sababu mashine ile haisamehe. Ukishaifungia kifungu, kifungu ndicho hicho. Haikusikilizi, haikungoji, haipunguzi mwendo ukichoka. Ukiwa umekosea noti, utakutana nayo tena baada ya sekunde chache, na tena, na tena.

Jamaa yangu akanigeukia akasema, "Bwana, hiyo ni safu tu. Tuandike yetu."

Alikuwa na haki. Kwa ubora wa CD, sekunde moja ya sauti ya njia moja ni sampuli 44,100, kila sampuli baiti 2, jumla baiti 88,200. Kifungu cha sekunde nne ni baiti 352,800, hakijazi hata ile floppy ya 1.44 MB. Unatenga kumbukumbu, unaweka kielekezi, kinasonga mbele kikiandika, kikifika mwisho kinarudi mwanzo. Usiku mmoja wa kazi, nikafikiri. Tukagawana: mimi niandike sehemu ya sauti kwa C, yeye aandike ya vitufe na skrini. Yake ilikuwa tayari kabla ya chai ya asubuhi.

Yangu haikuisha. Ilifanya kazi, lakini ilikuwa inachelewa. Ukipiga uzi, sauti inatoka kwenye spika baada ya muda. Kadi ya sauti haileti sampuli mojamoja, inaleta furushi, na kompyuta yetu ilikuwa inakwama nikiweka furushi dogo kuliko sampuli 4,096. Hizo ni milisekunde 93 kuingia, na nyingine 93 kutoka. Kwa macho si kitu. Kwa mpiga besi, milisekunde 93 ni kama spika imewekwa mita 32 kutoka kwako, na mara mbili yake ni kama imehamia ng'ambo ya uwanja wa mpira. Huwezi kupiga hivyo. Vidole vinasubiri masikio, masikio yanasubiri mashine, na wimbo unasinzia. Nilibadilisha madereva, nikanunua kadi nyingine ya mitumba Luthuli, nikaandika upya mara tatu. Wapi!

Katika muhula uliofuata jamaa yangu alianza kutolala.

Mwanzoni tulicheka. Alikuwa anaandika msimbo saa ishirini kwa siku na msimbo wenyewe ulikuwa mzuri. Alizungumza haraka, anaruka kutoka jambo moja hadi jingine, na ukimfuata kwa makini ulikuta mara nyingi kuna kamba inayounganisha. Siku moja alimnyang'anya mhadhiri chaki akamalizia hesabu ubaoni, na alikuwa sawa, darasa likampigia makofi. Halafu akagawa nguo zake. Halafu akampa mtu asiyemjua besi yake, pale stejini, kwa sababu mtu yule alimwambia ana mtoto anayependa muziki. Halafu tukaacha kucheka. Mimi, aliyelala mita moja na nusu kutoka kwake, nilihamia chumba cha mtu mwingine nikisema nina mitihani.

Usiku alikuwa ananitumia SMS, ishirini, thelathini, saa tisa, saa kumi. Nyingi hazikuwa na kichwa wala miguu. Moja naikumbuka neno kwa neno: "mashine isiguse besi. besi iende kwa ampu. mashine isikilize tu alafu ihesabu nyuma." Niliisoma nikaona ni sehemu ya yaleyale. Sikujibu. Nikazima simu. Baada ya siku tatu mjomba wake alikuja kumchukua akampeleka nyumbani, na mimi nikaahidi kwamba Krismasi nitakuja Mombasa kumwona.

Sikwenda Krismasi hiyo wala iliyofuata. Sina kisingizio cha kuwaandikia hapa. Niliogopa.

Sasa ngoja niwaambie maana ya ile SMS, maana niliielewa nikiwa na miaka zaidi ya thelathini, nikiwa kazini, nikirekebisha programu ya mteja ya kurekodi mahojiano. Kosa langu lilikuwa kupitisha besi ndani ya kompyuta, kisha kumtaka mpigaji asubiri sauti yake itoke upande wa pili. Hakuna haja! Besi iende kwenye ampu yake moja kwa moja, mpigaji ajisikie papo hapo. Tawi la pili la waya liende kwenye kompyuta, nayo isikilize tu pembeni. Itachelewa kusikia, ndiyo, lakini kuchelewa kwake kunajulikana: sampuli 4,096 kuingia na 4,096 kutoka, jumla 8,192. Basi kila sampuli inayofika unaiandika nafasi 8,192 nyuma ya mahali ulipo. Ihesabu nyuma. Kifungu kinakaa mahali pake hasa, hata kompyuta iwe kongwe namna gani. Mistari mitatu ya msimbo. Alikuwa amenipa jibu kamili saa tisa za usiku, akiwa katika hali ile, na mimi nikazima simu.

Siku hiyo nilitoka ofisini nikakaa ngazini muda mrefu.

Ugonjwa uleule ndio uliompata Jaco. Kwenye tamasha la 1979 hakuna ishara unayoweza kuinyoshea kidole, ni kijana wa miaka 27 mwenye nywele ndefu, mwenye furaha hata inakutia wivu. Mwaka 1982 madaktari walisema ana ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, ambao siku hizi unaitwa baipola. Dawa alilalamika kwamba zinamtia ganzi vidoleni, na kwa mtu kama yule hiyo si lalamiko dogo. Miaka ya katikati ya themanini alikuwa analala kwenye bustani za New York. Ile besi ya 1962 iliibwa hukohuko mwaka 1986, ikapotea miaka ishirini, ikajitokeza dukani jijini humo mwaka 2006. Mwenyewe hakuiona tena. Septemba 1987, huko Florida, alijaribu kuingia kilabu kimoja usiku, akapigwa na mfanyakazi wa pale vibaya mno, akafa hospitalini tarehe 21. Alikuwa na miaka 35.

Nimesoma maandishi mengi yanayosema kwamba ugonjwa ndio uliompa kipaji. Siamini. Watu wanapenda hadithi hiyo kwa sababu inawaondolea deni. Kama kipaji na maradhi ni kitu kimoja, basi hakuna lililowezekana kufanywa, na sisi tuliohamia vyumba vingine hatukukosa. Msikilize pale Santa Barbara wakati Joni anaimba. Anampisha. Anaweka noti moja chini ya neno, ananyamaza, anaacha neno lipite, halafu anajibu. Huyo ni mtu anayesikiliza kwa utulivu mkubwa. Jamaa yangu naye aliandika msimbo wake bora mwaka wa kwanza, akilala saa nane na kula vizuri.

Mwezi uliopita nilipanda treni nikaenda Mombasa. Nilikuwa nimempigia simu kwanza, baada ya kuitafuta namba kwa watu watano. Sauti ileile. Aliniambia, "Kumbe upo!" basi, hakuuliza miaka hiyo nilikuwa wapi.

Anaishi kwa mama yake Changamwe. Anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na nyumbani, anapiga besi kanisani, anameza dawa kila jioni, na ana marafiki wawili waliopewa ruhusa ya kumwambia ukweli wakiona halali. Amenenepa kidogo. Mkono unamtetemeka, ni dawa, aliniambia mwenyewe kabla sijauliza, akaunyoosha juu ya meza nione kama mtu anayekuonyesha saa mpya.

"Shikamoo, mama," nikasema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule wa chumba kimoja?"

Nikasema ndiye. Akanitazama kidogo kuliko nilivyostahili kutazamwa, akaniambia karibu ndani.

Tulitazama tamasha lote kwenye laptop yangu, tukinywa chai ya tangawizi. Picha zile za sinema zilipoingia akaitukana skrini kwa maneno yaleyale ya 2005. Ilipofika sehemu ya Jaco peke yake alinyamaza. Kifungu kilipoanza kujirudia akaniambia nisimamishe, nirudishe, nicheze tena. Akanionyesha kitu ambacho sijawahi kukiona mara zote hizo: Jaco hakimbilii kupiga juu ya kifungu. Anakiacha kipite kwanza. "Anakisikiliza kama ni cha mtu mwingine," akasema.

Ndipo nikafungua mkoba nikatoa waya, kile kisanduku cha kugawa tawi, na programu. Nilikuwa nimeiandika upya kwa wiki tatu, usiku, baada ya kazi. Sehemu ya skrini nilijaribu kuiweka kama alivyoichora yeye, vitufe vitatu na rangi ya kijani isiyopendeza. Akaitambua, akacheka mpaka akakohoa.

"Umehesabu nyuma?" akaniuliza.

"Nimehesabu."

Sikupata neno jingine. Nilikuwa nimelipanga garini moshi safari nzima, lile la kuomba msamaha, lina mwanzo na katikati. Yeye alikuwa ameshaanza kukaza nyuzi za besi ya kanisa, akitegesha sikio, kwa hivyo nikabaki nalo mdomoni.

Akachomeka. Akapiga kifungu cha sekunde nne hivi, cha benga, si cha jazi, na karibu na mwisho kidole kikatetemeka, noti moja ikatoka fupi, kama mtu aliyejikwaa kizingitini. Nilikuwa nimeshabonyeza. Kifungu kikaanza kuzunguka, kikiwa na kujikwaa kwake ndani, kila baada ya sekunde nne, mahali palepale. Hesabu ilikuwa sawa. Hata milisekunde haikuteleza.

Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta. "Turudie?"

"Wacha."

Alikiacha kipite mara mbili, kichwa kimeinama. Mara ya tatu akaweka noti moja ndefu, ya chini, palepale penye pengo. Mara ya nne akaiweka tena, akaongeza nyingine mbili za kuitangulia. Mama akaita kutoka jikoni kwamba wali unapoa, na kwamba nimwambie mwenzangu akipumzishe hicho chombo. Hakuna aliyeinuka. Mara ya saba au ya nane nilijikuta nakingoja kile kidole kijikwae, naogopa kisije kikapita bila kujikwaa.